Ina silinda ngapi?

Vitz mbili zilikuwa zimeegeshwa ubavu kwa ubavu kwenye yadi moja kando ya barabara ya kwenda Singida, zote nyeupe, boneti zote wazi. Mteja akainama kwenye ya kwanza, akanyoosha kidole na kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Akahamia ya pili. Moja, mbili, tatu. Akatafuta ya nne, hakuiona.

"Kaka, hii imepungua moja?"

"Haijapungua, bosi. Hii ni silinda tatu, ndiyo inayokula mafuta kidogo."

"Silinda tatu si bajaji hiyo? Kondoa nitafika kweli na familia?"

Dalali akacheka, akashusha bei kidogo, lakini mteja alikuwa ameshairudia ile ya silinda nne, gari kuukuu kuliko mwenzake, na anaulizia kadi. (Bajaji ina silinda moja, lakini pale hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusema hivyo.)

Wiki kadhaa zimepita na kidole kile bado kinanihesabia kichwani. Mteja yule si mjinga. Ukizunguka gereji za hapa Dodoma mjini utasikia watu wakihesabu vivyo hivyo: tatu ni dhaifu, nne ni ya wananchi, sita ina nguvu, nane ni ya mheshimiwa.

Na karibu hesabu yote hiyo si sahihi.

Kwenye hiyo "karibu" ndiko nilikokwama.

## Sisi zile zile, vipande tofauti

Vitz ya lita moja ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 1999, ina injini ya 1SZ-FE: sisi (cc, yaani ujazo wa silinda zote; sisi 1000 ni lita moja) 997, silinda nne. Ya kizazi cha pili, ya 2005, ina 1KR-FE: sisi 996, silinda tatu. Ya kwanza kiwanda kiliiandikia hp (farasi) 70 kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, na toki, yaani nguvu ya kusokota, ya Nm 95 kwenye mizunguko 4000. Ya pili iliandikiwa hp 71 kwenye 6000 hiyo hiyo, na Nm 94 kwenye 3600.

Silinda nzima imeondolewa, na nguvu haikuondoka nayo.

Angalia vipimo. Silinda ya 1SZ ina kipenyo cha milimita 69, na pistoni yake, chuma kinachosukumwa na moto ndani ya silinda, husafiri milimita 66.7 kutoka chini hadi juu. Ya 1KR ina kipenyo cha 71, na pistoni husafiri karibu 84. Kwa hiyo pistoni moja ya injini ya tatu ina uso wa sentimita za mraba 39.6, ya injini ya nne ina 37.4. Tofauti ndogo. Kubwa ni mkono wa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ambao pistoni inausukuma: milimita 42 upande mmoja, 33 na kidogo upande mwingine. Aliyewahi kufungua nati ya tairi iliyoshika kutu anajua spana ndefu inavyopunguza jasho.

Sasa zidisha uso kwa mkono kwa idadi ya pistoni. 39.6 mara 42 mara 3: karibu 4990. 37.4 mara 33.35 mara 4: karibu 4990.

Ni mkate mmoja. Huyu kaukata vipande vitatu, yule vinne.

## Namba 94

Baada ya hapo nilianza kugawanya kila injini kwa lita zake. Toki ya juu kabisa gawanya kwa lita. Ni hesabu ya dakika moja na ukishaizoea hutaweza kuiacha.

1KR ya silinda tatu: 94 kwa lita. 1SZ ya silinda nne: 95. 1NZ-FE, ile iliyojaa kwenye IST hapa mjini, sisi 1497 na Nm 141: inaangukia 94. 3S-FE ya sisi 1998, silinda nne, Nm 186: 93. Kisha 1G-FE, injini ya Mark II GX100, silinda sita kwenye mstari mmoja, sisi 1988. Ile ya kabla ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kupanga muda wa vali kufunguka) ilikuwa na karibu hp 140 na Nm 185.

Tisini na tatu.

Kila silinda ya 1G ina sisi 331. Ya 1KR ina 332. Yaani ukiondoa urembo, injini ya GX100 ni injini mbili za Vitz ya silinda tatu zilizounganishwa kranki. Mara mbili ya hp 71 ni 142. Mara mbili ya Nm 94 ni 188. Yule anayeidharau tatu na kuisifu sita anadharau na kusifu kitu kimoja, ila mara ya pili kimeletwa sahani mbili.

Sababu ya namba hii kung'ang'ania hapo ni kwamba injini ya petroli isiyo na turbo (pampu ya kushindilia hewa) hujaza silinda zake kwa hewa inayosukumwa na anga tu. Lita moja ya nafasi huvuta takriban lita moja ya hewa, hewa hiyo huchoma kiasi fulani cha petroli, na mgandamizo unaotokea ukiuchukulia wastani ni kama bar 12. Hewa haijui imegawanywa kwenye vyumba vingapi. Ikija VVT-i, vali zikafunguka kwa wakati unaofaa zaidi, ujazaji unaboreka: 1G-FE ya baadaye ilifika hp 160 na Nm 200 bila kuongezewa silinda wala sisi hata moja.

Kwa injini ya namna hii, anayetaka toki zaidi anunue sisi.

## Lakini sita inavuta jamani

Hapa ndipo nilipoanza kujitilia shaka. Watu wanaoendesha hawasomi majedwali, wanasoma kiti na usukani. Na aliyeendesha GX100 akahamia gari la silinda nne lenye sisi zile zile atakwambia ile ya sita ilikuwa "nzito", ilikuwa "inaondoka". Hawezi kuwa anadanganywa na mwili wake miaka yote hiyo.

Hadanganywi. Ila anachokipima si toki.

Kwenye injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya kranki, yaani kila nyuzi 720. Silinda tatu zikigawana, msukumo unakuja kila nyuzi 240. Nne, kila 180. Sita, kila 120. Nane, kila 90. Na msukumo wenyewe haudumu nyuzi zote 180 za pistoni kushuka, kwa sababu vali ya moshi hufunguka kabla pistoni haijafika chini. Weka nyuzi kama 140 hivi za kusukuma kweli.

Kwa hiyo kwenye injini ya tatu kuna kama nyuzi 100 ambazo hakuna anayesukuma. Kwenye nne, pengo ni kama 40. Kwenye sita hakuna pengo; wa pili anaingia kazini kabla wa kwanza hajatoka.

Na kuna mtikisiko. Pistoni sita kwenye mstari hupanda na kushuka kwa jozi zinazofutana, kiasi kwamba unaweza kusimamisha sarafu juu ya injini yenye afya. Pistoni nne zina mtikisiko mdogo unaokuja mara mbili kila mzunguko. Pistoni tatu hazirushi injini juu na chini, ila zinaitikisa kichwa na mkia, kama mtumbwi.

Wakati gari limesimama na injini inanguruma kwenye mizunguko 750, injini ya tatu inawaka karibu mara 19 kwa sekunde, ya nne mara 25, ya sita karibu mara 38. Kadiri mapigo yanavyokuwa machache kwa sekunde ndivyo kiti na kioo cha ndani vinavyoyapokea. Mwili unasema "injini dhaifu hii". Mwili umepima mapengo.

## Flaiwili ya mashine ya kusaga

Anayebisha aende kijiji chochote cha Bahi au Chamwino asubuhi, akasimame nje ya mashine ya kusaga.

Mara nyingi atakuta injini ya dizeli ya silinda moja, ile yenye birika la maji linalochemka juu yake. S195 ya Kichina ni mfano mzuri: kipenyo milimita 95, mwendo wa pistoni milimita 115, sisi 815, hp 12 kwenye mizunguko 2000. Ukikokotoa unapata Nm 42. Silinda moja hiyo inasaga mtama na mahindi ya kijiji kizima, na ikifungwa kwenye pawatila inalima.

Msukumo wake unakuja kila nyuzi 720. Katika hizo, nyuzi 580 hakuna kitu. Mawe ya kusagia hayasimami kwa sababu pembeni kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma, iliyopokea pigo na sasa inalitoa kidogo kidogo.

Flaiwili ni kihenge. Hakilimi, kinatunza.

Hili lina maana ya vitendo kwa gari la gia za mkono. Kadiri silinda zilivyo chache ndivyo injini inavyotegemea flaiwili wakati wa kuondoka. Ukiachia klachi kwenye mizunguko 900, gari limejaa, mbele kuna kilima, injini ya tatu itazima pale ambapo ya sita ya sisi zile zile ingejikokota. Ipandishe hadi 1500 au 1800 kwanza, flaiwili ijae, ndipo uachie. Siku fundi anapochonga flaiwili ili "injini iwe nyepesi", au anapofunga nyembamba ya gari jingine, toki haibadiliki hata kidogo, lakini gari linaanza kuzima kwenye mataa na klachi inaungua mapema. Lawama huangukia silinda.

Kwa otomatiki, hili halikuhusu sana. Konveta inafanya kazi ya klachi kwa mafuta, na yule mteja wa Kondoa alikuwa anaangalia otomatiki mbili.

## Palipo na ukweli: farasi

Farasi ni toki zidisha kwa mizunguko. Kwa namba: Nm mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 7023, unapata hp. Vitz ya silinda tatu kwenye 6000 imebakiwa na Nm 83 tu. 83 mara 6000 gawanya 7023, hp 71.

Kwa hiyo injini mbili zenye toki moja zinaweza kutofautiana farasi, iwapo mojawapo inaweza kuzunguka haraka zaidi. Hapa ndipo silinda nyingi zinapopata haki yao.

Chukua dizeli mbili ambazo Dodoma nzima inazijua. Canter yenye injini ya 4D33: sisi 4214, silinda nne. Land Cruiser ya 1HZ, zile zenye mkonga wa hewa pembeni: sisi 4164, silinda sita. Zote lita 4.2, zote bila turbo. Pistoni ya Canter ina zaidi ya sisi 1050 na husafiri milimita 115. Ya 1HZ ina sisi 694 na husafiri milimita 100. Canter inatoa farasi wake wa juu kwenye mizunguko 3200. 1HZ inaenda hadi karibu 3800.

Pima kasi ya pistoni zenyewe: mwendo mara mbili, mara mizunguko, gawanya 60. Canter: mita 12.3 kwa sekunde. 1HZ: mita 12.7.

Karibu sawa! Chuma, ringi na mafuta ya kulainisha vina mwendo ambao haviupendi, na injini zote mbili zimewekwa chini kidogo ya mwendo huo. Ile yenye vipande vidogo inapata mizunguko zaidi kabla ya kuufikia. Mwali pia una safari fupi ndani ya silinda ndogo, na eneo la vali kwa kila lita ni kubwa zaidi, hivyo injini haikosi pumzi haraka.

Gharama yake ni msuguano. Silinda sita ni seti sita za ringi zinazokwaruza kuta, beringi zaidi za kranki, vali zaidi, na ukuta mwingi zaidi kwa kila lita, ambao moto unaupa joto lake badala ya kuipa pistoni. Ndiyo maana GX100 inakunywa kama inavyokunywa kwenye foleni za mjini. Ni vyumba vidogo vingi, kila kimoja kinapoteza joto lake. BMW walipopanga upya injini zao waliamua kila silinda iwe na takriban sisi 500, kisha wakatengeneza ya tatu lita 1.5, ya nne lita 2, ya sita lita 3. Walianza na chumba, idadi ikafuata.

## Kwa nini lori lina sita

Swali hili lilinisumbua kuliko mengine. Kama silinda hazileti toki, kwa nini Scania, Howo, Fuso kubwa, karibu kila kichwa kinachopita Nanenane kikielekea Singida, kina sita?

Anza na Howo 371. Lita 9.7, silinda sita, kipenyo 126, mwendo 130. Hp 371 kwenye 2200, Nm 1500 kati ya 1100 na 1600. Kila silinda ina lita 1.6. Scania ya lita 12.7 ina silinda sita za lita 2.1, kipenyo 130 na mwendo 160.

Igawanye ile Scania kwa nne. Kila chumba kinakuwa lita 3.2. Pistoni inakuwa nzito, pini na konrodi vinanenepa, na kila nyuzi 180 kranki inapokea nyundo kubwa mara moja na nusu ya ile iliyokuwa inaipokea. Nyundo hiyo haiishii kwenye kranki. Inashuka kwenye klachi, meno ya gia boksi, propela, krosi hadi difu. Na dereva wa lori anataka avute kwenye mizunguko 1100, pale ambapo mapengo yana nafasi kubwa ya kutikisa kila kitu. Sita inapunguza nyundo na kuziba mapengo, toki ya wastani ikiwa ile ile.

Lori lina sita ili gia boksi lizeeke vizuri.

Mlimani kinachoamua ni farasi, wala si silinda. Chukua lori la tani 40 kwenye mteremko wa asilimia 6 kwenda juu, kama ule ambao wenzetu wa njia ya Sekenke wanaujua vizuri. Kulisukuma juu kunahitaji kilonewtoni 23.5 kwa uzito, na kama 2.7 kwa tairi kubingirika. Howo ikitoa kilowati 273 na moja ya kumi ikapotea kwenye gia na difu, zinafika kilowati 246 chini. Gawanya: mita 9.4 kwa sekunde, kilomita 34 kwa saa. Weka silinda nne zenye kilowati hizo, au nane, lori litapanda kwa kilomita 34 kwa saa.

## Hewa ya Dodoma

Namba zote za viwanda hupimwa kwenye hewa ya usawa wa bahari. Sisi tuko zaidi ya mita 1100 juu. Hapa uzito wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 10, na mchana wa Oktoba ukipiga joto unapungua zaidi.

Injini isiyo na turbo inapoteza kwa kiwango hicho hicho. Vitz yenye Nm 94 Dar es Salaam, hapa ina 84 hivi. 1HZ yenye Nm 285 inakuja na 255. GX100 inashuka na sita zake zote. Mtu aliyehamia na gari lake kutoka Dar akaona "limechoka", mara nyingi gari halijachoka.

Dizeli ya pampu ya zamani inaongeza kisa kingine. Kama haina kifaa cha kusahihisha mwinuko, pampu inaendelea kumwaga mafuta ya pwani kwenye hewa ya Dodoma, na ziada inatoka kama moshi mweusi mlimani. Halafu dereva analalamika haina nguvu, fundi anafungua pampu kuongeza mafuta. Hewa ni ile ile. Moshi unaongezeka, joto la ekzosi linapanda, na baada ya miezi kichwa cha pistoni kinayeyuka pembeni. Ukiwa juu, pampu inapunguzwa.

Dawa halisi ya mwinuko ni turbo, kwa sababu inarudisha hewa iliyopungua na kuongeza juu yake.

## V8 ambayo si V8

Na hapo tunafika Mtumba, mji wa Serikali.

Kwa Kiswahili cha mji huu, V8 si injini tena, ni cheo. Lakini tazama. Land Cruiser 200 ya dizeli ilikuwa na V8 ya lita 4.5: kipenyo 86, mwendo 96, silinda nane, turbo mbili, na katika toleo lake lenye nguvu zaidi hp 272 na Nm 650. Mwaka 2021 ikaja 300. Dizeli yake ni V6 ya lita 3.3. Kipenyo 86, mwendo 96.

Silinda zenye vipimo vile vile. Mbili zimeondolewa. Hp 309, Nm 700.

Rudi kwenye hesabu yetu ya lita. V8: Nm 146 kwa lita. V6: 209. Kilichobadilika ni kiasi cha hewa kinachoshindiliwa ndani ya kila chumba, na namna mafuta yanavyopulizwa humo. Kwenye Land Cruiser 70 kisa ni kikali zaidi: V8 ile ile yenye turbo moja ilitoa hp 205 na Nm 430, injini ya lita 2.8 ya silinda nne, 1GD, inatoa hp 204 na, ikiwa na gia otomatiki, Nm 500. Nusu ya silinda.

Hata hivyo sitaki kumcheka anayeililia V8. Chini ya mizunguko 1400 hivi, kabla turbo haijaamka, 1GD ni lita 2.8 tu, wakati V8 ilikuwa inatoa Nm 430 zake kuanzia 1200. Kwenye mchanga wa mto mkavu wa kule Bahi, sekunde hiyo moja unaihisi. Na kila silinda ya injini mpya inabeba mgandamizo na joto kubwa zaidi, hivyo oili ya kuungaunga, dizeli ya dumu na rejeta iliyoziba nusu, ambavyo 1HZ ilivimeza miaka 20, hapa vina bili. Kwa gari la mjini ningechukua nne yenye turbo bila kufikiri mara mbili. Kwa gari la porini lisilo na fundi karibu, bado ningetafuta 1HZ, pamoja na uvivu wake.

## Inapobaki mbili

Faida ya silinda nyingi ambayo haiandikwi popote ni hii: moja ikifa, zinabaki nyingi.

Sita ikipoteza moja, inapungukiwa kama asilimia 17 na zaidi kidogo, kwa sababu silinda iliyokufa bado inakwaruza na bado inabebwa na wenzake. Dereva asiye makini anaweza kutembea nayo wiki. Tatu ikipoteza moja imepoteza theluthi, gari zima linacheza, na kilima cha kutoka mtoni kinakuwa mlima. Ndiyo asili ya sifa mbaya ya Vitz ya tatu: wengi waliiendesha ikiwa mbili.

Kumpata mgonjwa si kazi. Petroli: injini ikinguruma, chomoa soketi ya koili moja moja na usikilize. Mizunguko ikishuka, hiyo ilikuwa inafanya kazi; irudishe. Isiposhuka, umempata. Hamisha koili yake kwenda silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama na koili, nunua koili. Usipohama, hamisha plagi, kisha fikiria nozeli. Usiache moja imechomolewa muda mrefu, petroli mbichi inaua katalisti.

Dizeli ya zamani kama 1HZ: legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Kwenye 1GD na wenzake wa reli ya pamoja (common rail), usijaribu kamwe. Mle kuna zaidi ya bar 2000, na dizeli ya mgandamizo huo inapenya ngozi kama sindano.

Kabla ya yote, kagua mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini. Injini ya tatu hutegemea mauntingi laini kumeza ule mtikisiko wa mtumbwi. Ukifunga ngumu ya bei rahisi, injini nzima kabisa itatikisa dashibodi, na mtu atakwambia ishushwe.

Kisha kompresheni. Pasha injini, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, toa plagi zote, mtu akanyage akseli hadi chini, piga stata mpaka geji isukumwe mara tano hadi saba, andika. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Iliyo chini idondoshee oili kijiko cha chai, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni vali au gasketi. Mbili za jirani zikiwa chini pamoja, ni gasketi ya hedi kati yao.

Ila geji hiyo nayo inapumua hewa ya hapa. Kitabu kikisema bar 14, kimeandikwa usawa wa bahari. Kwenye injini isiyo na kosa lolote, Dodoma itakuonyesha 12 na kidogo, silinda zote. Fundi anayeshika kitabu anaona zote zimeshuka kwa pamoja, anasema ringi zimekwisha, na mwenye gari anaanza kutafuta hela.

Hilo ndilo linaloanza kunisumbua sasa.